Ukuta mgumu au kipa tu? Namna ya kupima ulinzi wa timu bila kudanganywa na mabao ya kufungwa

#1 NambaSita

Wakuu, msimu ukishaiva hoja huwa ileile: timu fulani imefungwa mabao machache, basi ina ukuta bora. Uzi huu ni wa kuichambua hoja hiyo, na anayebisha aje na nondo.

Bao la kufungwa linabeba vitu vinne kwa pamoja: nafasi ambayo ulinzi umeiruhusu, kazi ya kipa, ubora wa mpigaji, na bahati. Jedwali la ligi linakupa jumla ya vyote vinne, halitenganishi. Kwa hiyo ukisoma safu ya mabao ya kufungwa ukasema "mabeki hawa ni hatari", umewapa mabeki sifa za watu wengine watatu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Manchester United ya Mourinho, msimu wa 2017/18. Mechi 38, mabao 28 ya kufungwa, nafasi ya pili kwa pointi 81. Man City waliochukua ubingwa kwa pointi 100 walifungwa 27. Ukiishia hapo unasema ulinzi wa United na wa City ulikuwa sawasawa. Sasa rudi kwenye mechi yao na Arsenal pale Emirates, tarehe 2 Desemba 2017. Matokeo: Arsenal 1, United 3. Arsenal walipiga mashuti 33, yaliyolenga goli 15. De Gea aliokoa 14, akafikia rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa mechi moja. Kwenye jedwali mechi hiyo imeingia kama "bao moja la kufungwa", sawa kabisa na mechi ambayo mpinzani kapiga mashuti mawili likaingia moja.

Msimu uliofuata, 2018/19, kipa ni yuleyule na alidaka mechi zote 38. Kina Smalling, Lindelöf, Jones na Young wapo. Mabao ya kufungwa: 54. Mabeki walishuka kiwango, sikatai, na kocha alibadilishwa Desemba. Ila mabao 26 ya ziada hayaelezeki kwa mabeki peke yao. Sehemu kubwa ni kipa aliyekuwa akifanya miujiza kurudi kuwa kipa wa kawaida, na nafasi zilizokuwa zikiruhusiwa tangu awali zikaanza kuonekana kwenye ubao.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa timu yoyote: mpinzani alipata nafasi ngapi, na za namna gani? Kabla ya kuhesabu mabao.

#2 Msimbazi_Damu

Kwa kifupi De Gea alikuwa anaficha uozo. Uzi ufungwe.

#3 NambaSita

Usiufunge bado mkuu. Mechi hiyohiyo ya Emirates ina upande wa pili. Valencia alifunga dakika ya 4, Lingard dakika ya 11. Yaani Arsenal walicheza karibu mechi nzima wakiwa nyuma nyumbani kwao, na Pogba akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 74. Timu iliyo mbele kwa mabao mawili hurudi nyuma, humwachia mpinzani mpira na mashuti. Mashuti 33 dhidi ya timu inayolinda uongozi si sawa na mashuti 33 matokeo yakiwa 0-0.

Ndiyo maana unapohesabu nafasi andika na matokeo ya wakati ule: sare, mbele moja, mbele mbili au zaidi, nyuma. Kipimo kisafi cha ulinzi ni dakika za sare na zile ambazo timu iko mbele kwa bao moja. Ukishafika 3-0, mengi yanayotokea nyuma ni uvivu na mabadiliko ya wachezaji. Usiyape uzito.

#4 Hesabu_za_Mwananyamala

Naongezea upande wa namba, maana watu wanaitaja xG kama uchawi.

xG ni uwezekano wa shuti kuwa bao, kati ya 0 na 1, kwa kuangalia mashuti mengi ya nyuma yaliyopigwa kutoka eneo na hali kama hiyo. Penalti ni takriban 0.78. Shuti la kawaida, ukichanganya yote, ni kama 0.1, yaani katika kumi huingia moja. Ya nje ya boksi huingia kama 3 au 4 katika kila 100.

Jumla ya xG ya mpinzani ni mwanzo mzuri, lakini jumla nayo inaficha. Chukua timu mbili zilizoruhusu xG 1.0 kila moja:

Timu A imeruhusu mashuti 10 ya 0.1. Uwezekano wa kumaliza bila kufungwa ni 0.9 mara yenyewe mara kumi, unapata kama 0.35.

Timu B imeruhusu mashuti 2 ya 0.5. Uwezekano wa kumaliza bila kufungwa ni 0.5 × 0.5 = 0.25.

Jumla ni moja, lakini A atapata klinishiti mechi 35 katika 100, B mechi 25. Kwa hiyo ukishapata jumla, gawa kwa idadi ya mashuti upate wastani wa shuti moja. Timu inayoruhusu mashuti mengi ya 0.06 inamlazimisha mpinzani kupiga kutoka mbali. Timu inayoruhusu machache ya 0.18 inafunguka vibaya ikifunguka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kwa ligi ambayo huna namba za kampuni za takwimu, kadiria kwa mkono. Mizani hii inatosha kwa kazi ya mtu anayeangalia mechi na daftari:

- penalti: 0.78
- mguu, ndani ya boksi dogo (mita 5.5), mbele ya goli: 0.4
- mguu, katikati, kati ya boksi dogo na alama ya penalti: 0.2
- kichwa ndani ya mita 8 hivi: 0.1
- ndani ya boksi lakini pembeni, pembe imebana: 0.06
- nje ya boksi: 0.03

Yupo peke yake na kipa tu mbele? Zidisha mara mbili, usivuke 0.6. Ana beki wawili usoni? Gawa kwa mbili. Si sayansi ya maabara, ila ukifanya mechi nane utaona picha ambayo mabao hayakuonyeshi.

Halafu jambo la idadi ya mechi. Timu yenye ulinzi wa kuruhusu bao 1 kwa mechi, katika mechi 10 inaweza kufungwa 7 au 13 bila chochote kubadilika mazoezini. Ni bahati tupu. Anayesema "ukuta umeimarika" baada ya mechi nne anasoma mawingu.

#5 BeginiBegini

Hii xG kuna timu iliitia aibu. Burnley ya Sean Dyche, 2017/18: mabao 39 ya kufungwa katika mechi 38, nafasi ya saba, wakaingia Europa. Mashuti waliyokuwa wanaruhusu yalikuwa mengi mno, na watu wa namba kila wiki wakisema "wataanguka, ni bahati". Hawakuanguka msimu ule.

Sababu ipo uwanjani. Dyche aliwapanga watu wawe kati ya mpira na goli. Mpinzani anapiga, lakini mbele yake kuna Tarkowski, Mee na kiungo mmoja wamejaa njiani. Mfumo wa xG wa zamani uliangalia sehemu mpira ulipo, mguu au kichwa, pembe, basi. Haukujua kama mbele ya mpigaji kuna watu wanne au nyasi tupu. Shuti la mita 14 lenye ukuta wa watu likahesabiwa sawa na la mita 14 la mtu aliye huru.

Kwa hiyo uliza kwanza: namba unayosoma inajua mabeki na kipa walisimama wapi wakati wa shuti? Siku hizi zipo kampuni zinazoingiza hilo. Kama haijui, timu ya kupaki basi itaonekana mbovu kuliko ilivyo.

#6 NambaSita

Hapo umegonga penyewe. Naongeza na kasoro ya upande wa pili: xG huanza kuhesabu pale tu shuti linapopigwa. Krosi ya chini inapita mbele ya goli, mshambuliaji anaikosa kwa nusu hatua: xG sifuri. Mtu kapenya, kipa katoka nje ya boksi akabutua: sifuri. Kwa namba za mashuti, ulinzi umefanya kazi safi. Kwa macho, beki wa kati alikuwa amelala.

Ndiyo maana karibu na mashuti napenda vitu viwili zaidi: mara ngapi mpinzani amegusa mpira ndani ya boksi, na mara ngapi amepenya nyuma ya mstari wa mabeki hata kama hakupiga. Timu inayoruhusu mashuti machache lakini miguso mingi ndani ya boksi ina deni, na deni hilo hulipwa siku ukikutana na mshambuliaji mkali.

#7 Jangwani_Daima

Haya yote ni ya Ulaya. Tuzungumzie nyumbani. Yanga 2023/24, mechi 30 za ligi, mabao 14 ya kufungwa. Diarra golini, Job, Bacca, Mwamnyeto nyuma. Nani anabisha kwamba huo ni ukuta?

#8 Msimbazi_Damu

Ligi ambayo nusu ya timu zinakuja Dar kutafuta sare! Namna hiyo hata mimi nikisimama namba tano tunamaliza na 14.

#9 Hesabu_za_Mwananyamala

Ugomvi wenu unapimika. Bao 14 katika mechi 30 ni 0.47 kwa mechi. Swali ni dhidi ya nani, na bahati nzuri msimu uleule Yanga walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Hatua ya makundi: walifungwa na Belouizdad ugenini 3-0, Al Ahly nyumbani 1-1, Medeama ugenini 1-1, kisha wakawafunga Medeama 3-0 na Belouizdad 4-0 Dar, wakamaliza kwa kufungwa na Ahly Cairo 1-0. Mabao 6 katika mechi 6, matatu kati ya hayo usiku mmoja Algiers. Robo fainali na Mamelodi Sundowns: 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, wakatolewa kwa matuta 3-2. Dakika 180 bila kuruhusu bao mbele ya moja ya timu zinazocheza pasi vizuri kuliko zote barani.

Jumla mechi 8, mabao 6, yaani 0.75. Juu kuliko ligi, kama inavyotarajiwa, lakini hiyo si namba ya ukuta wa karatasi. Msimbazi, ubishi wako unapungua uzito hapo. Jangwani, na wako pia: ile 0.47 si kiwango chenu halisi, ni kiwango chenu mbele ya wapinzani wa ligi.

Njia ya kufanya hili kwa timu yoyote: kwa kila mpinzani andika wastani wake wa mabao kwa mechi dhidi ya timu nyingine zote, ukiondoa mechi zake na wewe. Jumlisha wastani huo kwa mechi zako zote, hapo unapata mabao ambayo ulinzi wa kawaida ungefungwa. Kisha gawa mabao yako halisi kwa jumla hiyo. Tuseme wapinzani wako 30 jumla yao ni 27 na wewe umefungwa 14: 14 ÷ 27 = 0.52, unaruhusu karibu nusu ya kawaida. Mwenzako kafungwa 16 lakini ratiba yake ilikuwa ya 34: 0.47. Huyo ndiye mwenye ukuta bora, japo jedwali linasema kinyume. Ukipata nafasi badala ya mabao, fanya kwa nafasi. Ni bora zaidi.

#10 Jangwani_Daima

Tano-moja tuliyowapiga Simba tarehe 5 Novemba 2023 mmeiweka wapi kwenye hizo hesabu? 😂

#11 NambaSita

Inaingia vizuri tu, tena ni somo. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Manne yalikuja kipindi cha pili, na kila bao lilizidi kuwafungua Simba waliokuwa wanalitafuta goli. Mechi za namna hiyo zinapotosha wastani wa msimu mzima. Liverpool walipigwa 7-2 na Aston Villa Oktoba 2020. Msimu ule walifungwa 42 katika ligi, kwa hiyo moja ya sita ya mabao yote yalitoka mechi moja, tena matatu kati ya saba yaliguswa na beki yakabadili njia. Usiifute mechi kama hiyo, ila isome peke yake: ilitokana na nini? Ya Liverpool sehemu yake ni mstari wa mabeki kusimama juu sana huku mwenye mpira hana mtu wa kumbana. Huo ni ugonjwa wa kweli hata ukiondoa mabao ya bahati.

#12 Kocha_wa_Mchangani

Wakuu namba zimetosha, nije kwenye macho. Wengi wanaangalia mpira. Ukiangalia mpira, ulinzi hauuoni. Beki mzuri kazi yake kubwa ameimaliza kabla mpira haujafika.

Timu yako ikiwa inashambulia, usitazame boksi la mpinzani. Tazama waliobaki nyuma. Hesabu ni wangapi wako nyuma ya mpira, na wanamkaba nani. Timu kubwa nyingi huacha watu watano: mabeki wawili na watatu mbele yao, au watatu na wawili. Muhimu kuliko idadi ni umbali. Mshambuliaji aliyeachwa juu na mpinzani, je, kuna mtu anamgusa mgongo, au yuko huru mita nane? Akiwa huru, kaunta ijayo tayari imeshaandaliwa, bado pasi tu. Ukiona namba mbili na namba tatu wamepanda kwa wakati mmoja, na namba sita naye kavutwa kwenda kudai mpira pembeni, andika dakika, maana huko kuna bao hata kama leo halikuja.

Mpira ukipotea, hesabu sekunde tano. Aliye karibu anambana mwenye mpira, au anainua mikono kumlalamikia refa? Timu isiyobana sekunde hizo tano inalazimika kukimbia mita 50 kurudi, na mabeki wanaonekana wazembe wakati kosa ni la winga.

Mpinzani akiwa na mpira katikati, tazama urefu wa timu kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza. Mita 25 hadi 35, timu imeshikana. Ikifika 45, imekatika. Kati ya mabeki na viungo pasizidi mita 10 au 12 hivi. Pengo hilo ndipo namba kumi anapogeuka na kuinua kichwa. Mduara wa katikati una kipenyo cha mita 18.3, utumie kama kipimo: pengo likifika nusu ya mduara ni sawa, likikaribia mduara mzima ni balaa.

Sasa krosi. Watu huhesabu krosi ngapi zimeruhusiwa. Haina maana kubwa. Krosi ya juu kutoka mita 30 na beki wa kati anauangalia mpira na mtu wake kwa pamoja, hiyo ni zawadi kwa ulinzi. Ya hatari ni mtu kufika karibu na mstari wa goli ndani ya boksi na kurudisha mpira chini nyuma. Mabeki wote wanakimbilia goli lao, wanaopiga wanakuja wakitazama goli. Hizo zihesabu peke yake. Timu ikiruhusu mbili au tatu kwa kila mechi, usiniambie ina ukuta.

Na kuna kukaba kwa macho. Mtu yupo mita mbili na mshambuliaji, anamtazama, anajiona anakaba. Krosi ikija, mshambuliaji anaanza hatua moja kabla, basi. Angalia mkono na mabega ya beki: anamhisi mtu wake, anageuza kichwa kila sekunde mbili, mwili umefunguka aone mpira na mtu? Au kichwa kimeganda kwenye mpira? Hili hakuna namba itakayokupa, na ndilo linalofunga watu nguzo ya mbali kila wikiendi.

Tatizo la runinga ni kwamba kamera inafuata mpira, waliobaki nyuma huwaoni. Ukiweza kwenda uwanjani, panda majukwaa ya juu, kaa usawa wa boksi la timu unayoichunguza. Pale Mkapa viti vya chini vinakupa sura za wachezaji, mpangilio huuoni.

#13 Mzawa_wa_Likoni

Kocha, swali. Mabeki wanaoingia miguuni sana, tackling nyingi kila mechi, si ndio wakali? Huku kwetu Mombasa beki asipoangusha watu haonekani.

#14 Kocha_wa_Mchangani

Kaka, mara nyingi anayeingia miguuni sana ni yule aliyechelewa kusimama mahali pake. Chelsea ya 2004/05, mabao 15 tu msimu mzima na klinishiti 25, ilimtegemea sana Makélélé asimame njiani mwa pasi kabla haijapigwa. Pasi isiyopigwa haiandikwi popote.

#15 Hesabu_za_Mwananyamala

Na hata ukitaka kuhesabu hizo za kunyang'anya, rekebisha kwa umiliki. Huwezi kunyang'anya mpira ambao timu yako inao. Beki A ana 2 kwa mechi, timu yake ina mpira 65%, yaani wapinzani 35%. Zidisha kwa 50, gawa kwa 35: 2.9. Beki B ana 3, wapinzani wake wana mpira 60%: 3 × 50 ÷ 60 = 2.5. Aliyeonekana mvivu ndiye anayefanya kazi zaidi kwa kila nafasi anayoipata.

PPDA nayo isomwe kwa akili. Ni pasi za mpinzani katika asilimia 60 ya uwanja iliyo upande wa goli lake, ugawe kwa matendo yako ya kukaba eneo hilohilo: kunyang'anya, kukata pasi, faulo. Pasi 240, matendo 20, PPDA 12. Namba ndogo inasema timu inabana juu. Inakuambia mtindo, haikuambii ubora. Morocco wa Kombe la Dunia 2022 waliwaachia Hispania zaidi ya pasi elfu moja, zikaisha 0-0 dakika 120, Hispania wakakosa matuta yote matatu waliyopiga.

#16 BeginiBegini

Morocco hao ni mfano wa kitu kingine. Mechi tano za kwanza bao moja tu, tena la kujifunga la beki wao Aguerd dhidi ya Canada. Nusu fainali na Ufaransa, Aguerd anaondolewa kikosini baada ya kupasha misuli, beki mwenzake Saïss anatoka majeruhi dakika ya 21, bao la kwanza limeshaingia dakika ya 5. Wakafungwa 2-0, kisha 2-1 na Croatia. Ulinzi wa timu upimwe hadi namba nne na tano wa akiba. Tazama mechi ambazo beki mkuu hayupo na uzihesabu peke yake. Tofauti ikiwa kubwa, una beki mzuri mmoja, mpangilio huna.

#17 Kona_Fupi

Mbona mipira ya kutenga hamjaigusa? Kona, faulo za pembeni, mirusho mirefu. Iwekwe kando kabisa na mchezo wa kawaida, kwa sababu ni kazi nyingine: wanaokaba ni wengine, mara nyingi hadi washambuliaji, na mazoezi yake ni ya siku yake.

Angalia mambo haya tu. Timu inakaba kwa kanda au mtu na mtu? Wa kanda wanafungwa na mtu anayekuja na kasi kutoka nje, kwa sababu wao wamesimama na yeye anaruka akikimbia. Wa mtu na mtu wanafungwa kwa kuziba njia: mshambuliaji mmoja anasimama mbele ya beki, mwenzake anapita huru. Wengi sasa wanachanganya, wanne au watano kanda kwenye boksi dogo, wawili watatu wa kuwavuruga wakimbiaji. Pili, nani anagusa mpira wa kwanza. Tatu, mpira wa pili unaangukia kwa nani pale ukingoni mwa boksi. Timu nyingi hushinda mpira wa kwanza na kufungwa na wa pili, kisha watu wanamlaumu kipa.

Na usihukumu kwa mabao. Kona inaingia mara chache sana, kama 3 katika 100. Msimu mmoja timu inaweza kupigwa kona 120 ikafungwa 2, mwingine ikafungwa 6, na ukabaji ni uleule. Hesabu mguso wa kwanza wa mpinzani ndani ya boksi dogo.

#18 Msimbazi_Damu

Sawa nimeelewa kidogo. Kipa tunampimaje peke yake? Asilimia ya kuokoa?

#19 Hesabu_za_Mwananyamala

Asilimia peke yake haifai. Kipa anayepigiwa mashuti laini ya mita 25 atakuwa na 80%, anayepigiwa ya mita 9 atakuwa na 62% na huenda yeye ndiye bora. Kuna xG ya baada ya shuti, inayoangalia mpira ulikuwa unaelekea wapi ndani ya lile goli la mita 7.32 kwa 2.44. Jumla yake toa mabao aliyofungwa bila ya kujifunga. Ikibaki chanya, kipa kaokoa zaidi ya inavyotarajiwa. Kama timu inafungwa pungufu sana ya xG na tofauti yote iko kwa kipa, tegemea mabao kuongezeka msimu ujao. Hiyo ndiyo United ya 2018.

Huna namba hizo? Kwa kila bao na kila okoa kubwa jiulize: kipa wa kawaida wa ligi hii angelizuia? Andika ndiyo, hapana, nusu.

#20 Mzawa_wa_Likoni

Naomba mtu aniwekee kwenye karatasi moja. Nitazame nini, mechi ngapi, na penalti na kadi nyekundu niziweke wapi?

#21 NambaSita

Chora safu saba: dakika, matokeo ya wakati ule, chanzo (mchezo wa kawaida, kaunta, kutenga, kosa binafsi), njia (katikati, kulia, kushoto, mpira wa kurudishwa kutoka mstarini), nani aliacha nafasi, uzito wa nafasi kwa mizani ya #4, kilichotokea. Andika pia upenyo usio na shuti, uzito 0, usiuache.

Kwenye "nani aliacha nafasi", rudi nyuma pasi mbili au tatu. Aliyepigwa chenga ya mwisho mara nyingi si mwenye kosa. Winga hakurudi, namba tatu akatoka kwenda kuziba, beki wa kati akavutwa pembeni, katikati pakabaki wazi. Jina la winga ndilo linaloandikwa.

Penalti iandike, ila ijumlishe kando. Shikilia tukio lililoizaa: kama ilitoka kwa mtu aliyekuwa anakimbilia nje ya boksi na hana hatari, nafasi halisi ilikuwa ndogo, beki kaikuza kwa upuuzi, na hilo linaingia kosa binafsi. Dakika za watu kumi zitenge zote, zako na za mpinzani. Bao la kujifunga lihesabu kama nafasi kwa kuangalia mpira ule usingeguswa na beki ungemfikia nani.

Mechi zisipungue kumi, nusu nyumbani nusu ugenini, na angalau tatu dhidi ya timu za nusu ya juu. Ukimaliza usianze na jumla. Anza na safu ya chanzo. Nusu ya uzito wote ikitoka kwenye kaunta, shida ni mpangilio wa timu ikishambulia na kununua beki mpya hakutasaidia. Ikitoka kwa mpira wa kurudishwa upande mmoja, mtazame namba mbili wa upande huo na anayecheza mbele yake. Ikitoka kwa kosa binafsi la mtu yuleyule, hapo ndipo unaweza kulitaja jina lake jukwaani.

#22 Msimbazi_Damu

Nimeanza na mechi ya juzi, kipindi cha kwanza tu. Nafasi saba, nne zimetoka upande wa namba tatu wetu.

#23 Kocha_wa_Mchangani

Kabla hujamlaumu namba tatu, rudia hizo nne, mtazame namba kumi na moja yuko wapi mpira unapopotea.